Msumari Mpya Ukumbini

Desemba 4. Mtakatifu Barbara

Asubuhi nimekata vijiti vya mcheri, kama mama yangu alivyokuwa akifanya siku ya leo, nikavitia kwenye jagi karibu na jiko. Vikichanua kabla ya Krismasi, mwaka unaokuja utakuwa wa heri. Nimekata kwa mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa umeshika mkongojo. Mume wangu Wendelin alitoka zizini na ndoo ya maziwa akasimama kunitazama.

"Ungesema nikukatie."

Nikamwambia Barbara hapokei vijiti vya kukatiwa.

"Basi mwambie Barbara hiyo ngazi ina mguu mmoja mbovu, kama wewe," akasema. Lakini aliweka ndoo chini akaishika ngazi mpaka nikashuka.

Goti langu la chuma lina miezi sita sasa. Yule binti wa mazoezi ya viungo hospitalini ameniambia niandike kila siku goti limefanya nini. Leo limepanda ngazi, limeshuka. Hayo ndiyo ya goti. Mengine nitakuandikia wewe, somo wangu Mtakatifu Notburga, uliyeachia mundu wako ukabaki unaning'inia hewani kengele ya sala ilipolia. Mimi ni mpishi wa shule, nina miaka hamsini na minane, na kila nikianza kumweleza Wendelin ya moyoni husinzia kabla sijafika katikati.

Desemba 5

Goti limevimba kidogo. Theluji hakuna.

Desemba 8. Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili

Baada ya Misa tuliingia ukumbi wa parokia kunywa kahawa, na pale nikaona kitu kilichonikata maini.

Ukutani zimetundikwa skii za wazee wa kikundi chetu cha kuteleza kwenye theluji, kila jozi na kibao chenye jina la mwenyewe. Sheria yetu ni ya zamani. Kila Machi tunakwenda wiki nzima mlimani Silberjoch, na siku ya mwisho kikundi kizima kinashuka Mteremko Mrefu, kutoka kwenye barafu ya juu mpaka lango la kanisa la bondeni, mmoja nyuma ya mwenzake. Anayeshindwa hurudi chini kwa kibanda kinachoning'inia kwenye kamba ya chuma. Akishindwa miaka miwili mfululizo, siku ya Mtakatifu Yosefu anatundikiwa skii zake hapa ukutani, na hatelezi tena. Kuna keki na tarumbeta. Watu wanakupigia makofi kama bibi harusi, nawe unatabasamu kama maiti.

Machi iliyopita, goti likiwa bovu, nilishuka kwa kibanda.

Leo, pembeni ya skii za shoga yangu Zenzi, Bwana Gebhard alikuwa juu ya kiti na nyundo mkononi. Yeye ndiye kiongozi wetu, mwenye kiwanda cha mbao ambamo baba yangu alifanya kazi maisha yake yote. Alikuwa amemaliza kupigilia msumari mpya. Mmoja tu.

"Bwana Gebhard, huo wa nani?" nikamwuliza.

"Wa atakayeuhitaji," akasema.

Wala hakunitazama usoni. Siku hizi anaongea nami huku anatazama sikio langu, kama kwamba nyuma yangu amesimama mtu wa maana zaidi. Nikamwaga kahawa nusu nikaondoka.

Zenzi akanifuata nje. Ana miaka sabini na tisa, na ulimi wake una kumi na sita. "Shoga, usinune. Msumari ni chuma tu. Na wewe siku hizi ni chuma pia."

Desemba 9

Nimepanda ngazi za jikoni shuleni bila mkongojo. Nimeuona msumari kila ngazi.

Desemba 24

Kijiti kimoja tu kimechanua, kile kilichopinda. Wendelin anasema vingine vinaona haya. Nimekichukua kijiti changu kilichopinda nikakiweka mbele ya Mtoto Yesu.

Januari 6. Tokeo la Bwana

Tumefukiza ubani nyumba nzima, Wendelin mbele na kikaango cha makaa, mimi nyuma na maji ya baraka. Tumeandika kwa chaki herufi za Mamajusi watatu juu ya mlango. Zizini ng'ombe walipiga chafya. Nikamwomba afukize na stoo, zilipo skii zangu.

"Skii hazina roho," akasema.

"Zina adui."

Akafukiza. Alizifukiza mpaka yeye mwenyewe akakohoa.

Januari 11

Nimesimama juu ya theluji.

Zipu ya koti langu ilikufa asubuhi nikiwa tayari mlangoni. Wendelin huendesha gari la halmashauri la kuondoa theluji barabarani, basi nikachukua koti lake la kazi, lile la rangi ya chungwa lenye mistari ya kung'aa. Linanifika magotini. Zenzi alikuwa amekuja kunitazama kwenye kilima cha watoto, amekaa juu ya sanduku la bia. Akanikagua toka juu mpaka chini.

"Mama, barabara imefungwa? Tupitie wapi?"

Nikashuka mara tatu. Watoto wa darasa la kwanza walinipita kushoto na kulia. Mmoja aliniambia, "Bibi, kunja magoti kidogo," na nikakunja, kwa sababu alisema kweli.

Bwana Gebhard akapita akiburura miguu kwenye theluji. Alisimama ghafla, akanielekea, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi nikaona uso wake umefunguka.

"Koti hilo," akasema. "Utalivaa Silberjoch."

"La kazi hili, Bwana Gebhard. Nitashona zipu ya langu."

"Usishone. Livae hilo."

Wote walisikia. Anataka nionekane na bonde zima nikianguka.

Januari 12

Misa. Goti halina neno. Moyo unalo.

Januari 18

Nimeanguka mara moja, vizuri, upande wa kulia, kama nilivyofundishwa utotoni. Nimeinuka peke yangu.

Januari 25

Sikuanguka.

Februari 3. Mtakatifu Blasi

Jana mishumaa, leo baraka ya koo. Bwana Gebhard ndiye anayemshikia Padre ile mishumaa miwili iliyofungwa msalaba. Nilipopiga magoti, mshumaa ulinigonga shavu badala ya kukaa chini ya kidevu. Hakuomba radhi. Na kwenye kupeana amani nilimnyoshea mkono akaupita, akamshika jirani yangu. Mkono wangu ulibaki hewani kama mundu wako, somo wangu, ila wangu haukuwa muujiza.

Nilipomsimulia Wendelin jioni alisema, "Labda hakukuona."

"Nilikuwa mbele ya pua yake."

"Kuna watu wana pua kubwa," akasema, akalala.

Februari 14

Supu ya shayiri shuleni, watoto mia moja na kumi. Miguu imechoka, goti halikulalamika.

Februari 22

Mteremko wa kati wa hapa kwetu, toka juu hadi chini bila kusimama. Yule kijana wa lifti ya viti ya kupandia mlima, ambaye siku zote huwa amenuna, alinyanyua kidole gumba. Nimesali rozari nzima njia ya nyumbani, mafumbo ya furaha, na kwa bahati siku ilikuwa yake.

Machi 5. Jumatano ya Majivu

Kila mwaka naacha sukari. Mwaka huu nimeacha kumsema vibaya Bwana Gebhard.

Wendelin alitafuna viazi vyake muda mrefu. "Afadhali ungeacha chumvi," akasema. "Ungeweza."

Machi 6

Sijamsema.

Machi 7

Nimemsema kidogo, kwa Zenzi, kwenye simu. Nimekula mkate mkavu.

Machi 9. Jumapili, Silberjoch

Tumefika. Tuko kumi na mmoja wa kuteleza, na Zenzi ambaye hujiita mlinzi wa makoti. Tangu atundikwe hajakosa hata safari moja: hukaa ndani ya nyumba ya wageni ya juu karibu na jiko, anacheza karata na madereva wa magari ya kusawazisha theluji, na kila mwaka anarudi na soseji alizoshinda. Analala chumba kimoja nami. Anakoroma kama msumeno wa Bwana Gebhard. Hilo ni la Zenzi, si la Bwana Gebhard. Nadhani haliharibu Kwaresima.

Machi 10

Asubuhi, barafu ngumu. Kwa desturi yetu, tukipanda kupita mahali miti inapoishia, "Bwana" na "Bi" zinabaki chini pamoja na magari. Huko juu kila mtu ni jina lake tu. Wenzangu wote wanamwita Gebhard. Mimi ulimi unagoma. Baba yangu alikuwa akivua kofia hata alipomwona mbwa wa Bwana Gebhard.

Tulipofika kwenye mteremko wa kwanza akasema, "Notburga, pita mbele yangu."

"Kwa nini mimi, Bwana Gebhard?"

"Nikuone."

Basi nimeteleza siku nzima naye yuko mgongoni kwangu, anapinda nilipopinda, anasimama niliposimama. Hajanisahihisha hata mara moja. Ningependa anisahihishe. Mtu akikaa kimya nyuma yako unasikia matusi yote ambayo hajayasema.

Machi 11

Vilevile. "Notburga, mbele." Mchana nilivua koti kwa sababu ya jua, nikalifunga kiunoni. Akanipigia kelele mbele ya watu: "Vaa koti."

"Joto, Bwana Gebhard."

"Vaa, nimesema."

Nikavaa. Nikatoka jasho na machozi pamoja, na ndani ya miwani hayo mawili hayajulikani.

Machi 12

Zenzi ameniuliza mbona sili. Madonge ya mkate na nyama ya moshi, chakula nikipendacho kuliko vyote, na nilikuwa nayasukuma sahanini kama mpira. Nikamwambia kwamba Bwana Gebhard ananifuata kama mlinzi wa gereza. Anasubiri nianguke apate kutumia msumari wake.

Zenzi alichukua donge langu moja, akalila, akalimeza. "Mimi aliponitundika," akasema, "nililia mbele ya Padre na tarumbeta. Gebhard naye alilia, lakini alisema sheria ni sheria. Yule mtu si mwovu, shoga. Ni mgumu tu, kama mkate wa Ijumaa. Ukiuchovya unalika."

"Uchovye wewe."

"Meno yangu si yangu."

Machi 13

Theluji mpya. Tumeteleza nusu siku. "Notburga, mbele." Nimezoea sasa. Kuna mahali, nakiri, nilisahau kuwa yuko nyuma, nikateleza kama msichana, na skii zikaimba.

Machi 14

Kesho ni Mteremko Mrefu. Katikati yake kuna Ukuta wa Mbuzi, pale mwaka jana goti liliponikatalia wakanipandisha tena kwenye kituo cha kibanda kwa gari la theluji, nimefunikwa blanketi, watu wanapiga picha mandhari na mimi nikiwemo. Nimesali kwako. Sikuomba nisianguke. Niliomba nisishuke kwa kibanda.

Machi 15. Jumamosi

Kaa vizuri, somo wangu, leo ni ndefu.

Asubuhi mawingu yalikuwa yamekaa mlimani kama kuku juu ya mayai. Mteremko ulikuwa wazi, vijana wa mlima, wale waokoaji, walisema unapitika. Kule juu kwenye barafu Zenzi alikusanya makoti ya ziada ashuke nayo kwa kibanda, akatuchora kila mmoja msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba chenye maji ya baraka. Alipofika kwangu alichora miwili. "Mmoja wa goti," akasema.

Siku hii moja kiongozi hutangulia, hiyo ndiyo desturi. Anajifunga kiunoni kengele ya mbuzi, wengine wanaifuata sauti. Gebhard alijifunga kengele. Nikaona vidole vyake vinatafuta tundu la mkanda muda mrefu, nikadhani ni baridi.

"Notburga nyuma yangu," akasema.

Tukashuka. Sehemu ya juu ilikuwa nzuri, na jua lilipenya mara mbili. Kisha tukaingia ndani ya wingu, na nani ataweza kumweleza asiyepajua? Mbingu na theluji vinakuwa kitu kimoja. Huna juu, huna chini. Uko ndani ya yai. Niliona mgongo wa Gebhard, na upande wa kulia vile vijiti vya ukingo, vyenye kichwa cha rangi ya chungwa, kimoja baada ya kingine. Nyuma ya vijiti hivyo ni korongo la mto.

Gebhard alikuwa anakwenda sawa, polepole. Halafu akapinda kulia. Sio kidogo. Aliacha katikati ya mteremko akaelekea moja kwa moja kwenye kijiti, kama mtu anayemwendea mwenzake wa kumpa mkono.

Nikaita, "Bwana Gebhard." Kengele ikaendelea.

"Bwana Gebhard, ukingo."

Kengele ikaendelea.

"Gebhard, simama!"

Ilinitoka hivyo, kavu, kama ninavyowafokea watoto wakisogelea sufuria. Alisimama. Ncha za skii zake zilikuwa zimeshapita kijiti. Chini yake theluji ilikuwa imevimba juu ya hewa tupu, na kipande chake kilimeguka kikaenda bila sauti.

Nilimfikia. Nilimshika mkono nikamrudisha kinyumenyume, hatua kwa hatua, goti langu la chuma limekaza kama mlingoti. Alipokuwa salama aligeuka, akatazama sikio langu.

"Nilidhani ni wewe," akasema.

"Mimi niko nyuma yako."

"Niliona rangi ya chungwa. Wiki nzima nafuata rangi ya chungwa." Akavua miwani. "Sioni, Notburga. Tangu vuli. Katikati ya kila kitu kuna doa, kama mtu amebandika kidole gumba. Pembeni naona kidogo. Watu nawaona masikio. Koti lako ndilo kitu pekee ninachokiona chote."

Wenzetu walikuwa wamefika mmoja mmoja, wamesimama nyuma yetu. Nami nilikuwa naupindua msimu mzima kichwani kama godoro: mshumaa wa Blasi, mkono uliobaki hewani, "vaa koti, nimesema". Wendelin aliniambia mwezi wa pili, mdomo umejaa usingizi, na sikumsikia.

"Na msumari?" nikamwuliza.

"Wangu. Nilitaka wiki moja ya mwisho bila kuhurumiwa." Akaanza kuinama afungue skii. "Panapitika, nendeni. Mimi niitieni vijana wa mlima waje na kile kitanda chao cha kubebea majeruhi."

Nikamwona ndani ya blanketi, watu wanapiga picha mandhari na yeye akiwemo.

"Nipe kengele," nikasema.

"Notburga, goti lako."

"Goti langu ni jipya, macho yako ni ya zamani. Nipe kengele, Gebhard."

Aliifungua, akanifunga mwenyewe kiunoni juu ya koti la Wendelin, na safari hii vidole vyake vilipata tundu mara moja.

Nikasema nitasali kwa sauti. Salamu Maria nikipinda kushoto. Wakijibu wao, Maria Mtakatifu, tunapinda kulia. Asiye na sauti afuate kengele, asiyesikia kengele afuate koti. Mmoja nyuma akasema hajasali rozari tangu Komunyo ya Kwanza. Nikamwambia leo ndiyo siku nzuri ya kurudi.

"Salamu Maria, umejaa neema," nikapinda kushoto.

"Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu," wakanijibu wote, na nikazisikia skii zote zikikata theluji kulia kwa mkwaruzo mmoja, na katika sauti zile ya Gebhard karibu kabisa na mgongo wangu, nzito, haikosi.

Hivyo ndivyo tulivyofika Ukuta wa Mbuzi. Niliujua kwa miguu kabla ya macho, ardhi ilipoanza kukimbia chini yangu. Mwaka jana hapa nilisimama nikatazama chini. Mwaka huu hapakuwa na chini ya kutazama, palikuwa na weupe tu, na watu kumi wanaongoja neno langu. Nikasema, "Salamu Maria." Nikapinda. Goti lilishika. Nikapinda tena, likashika. Nilisikia misuli ikiungua, na nikawaza masufuria yote niliyoyabeba maishani, supu ya watoto mia na kumi kila siku, kumbe nilikuwa najengewa mapaja. Katikati ya Ukuta nilikuwa sisali tena kwa hofu, nilikuwa naimba. Wakaniitikia kwa wimbo. Wazee kumi na mmoja tunashuka tumbo la mlima tunamwimbia Mama wa Mungu kama maandamano ya Mei, na vijana waliosimama pembeni kungoja wingu lipite wakatuacha tupite, mmoja akavua kofia ya chuma.

Fumbo la nne likatuishia chini ya wingu. Ghafla kukawa na miti, na paa, na moshi, na bonde zima limekaa kwenye mwanga. Sikusimama. Nilipiga kengele kwa mkono mpaka lango la kanisa.

Zenzi alikuwa pale na rundo la makoti. Alitazama kengele, akamtazama Gebhard nyuma yangu, akatazama tena kengele.

"Naona imehamia mbuzi mwingine," akasema. Kisha akayaangusha makoti yote chini, akanikumbatia.

Tulipokuwa tunavua skii, chini kabisa, kwenye maegesho, nikamwambia, "Bwana Gebhard, fimbo zako hizi hapa."

"Gebhard," akasema. "Usinirudishe kule."

Machi 16. Jumapili

Misa ya shukrani. Kwenye kupeana amani alinyosha mkono, nikausogelea mimi.

Wendelin alikuja kutuchukua. Nilimsimulia yote njia nzima na hakusinzia. Kweli alikuwa anaendesha.

Machi 19. Mtakatifu Yosefu

Ukumbi ulijaa. Keki tatu, tarumbeta, Padre. Gebhard akaingia na skii zake begani na kibao chenye jina lake mwenyewe, akasimama mbele akawaambia watu yote kuhusu macho yake, bila kupamba. Watu wakainamisha vichwa. Akaelekea ukutani akaanza kuutafuta msumari kwa mkono.

Nikasimama. Mimi huwa sisimami mbele za watu.

"Gebhard. Jumamosi ulishuka kwa kibanda?"

Akageuka. "Hapana. Unajua."

"Mwaka jana?"

"Hapana."

"Basi huna ruhusa. Sheria ni miaka miwili mfululizo."

"Notburga, nilishuka nyuma ya koti lako."

"Sheria haisemi nyuma ya nani," nikasema. "Sote tulishuka mmoja nyuma ya mwenzake."

Zenzi akagonga meza kwa kijiko. "Mimi ulinitundika nikilia, ukaniambia sheria ni sheria. Leo kaa chini, mzee, ule keki."

Padre alikuwa amefunika mdomo kwa leso, na mabega yake yalikuwa yanacheza. Gebhard alibaki na skii zake mikononi, hajui aziweke wapi. Kisha akazishusha, akaziegemeza mlangoni, upande wa kutokea.

"Na msumari?" akauliza. "Nimeupigilia kwa nguvu."

Kutoka nyuma Wendelin akasema, "Msumari mtupu huchana makoti ya watu."

Nilikuwa na kitu garini. Baada ya sherehe nilikusudia kukipeleka kwenye kanisa dogo la hija juu ya kijiji, wanapoacha vitu waliojibiwa sala zao. Nikatoka, nikarudi nacho. Watu wakanipisha. Nikautundika ukutani, kati ya skii za Zenzi na dirisha: mkongojo wangu, na juu yake kile kijiti cha mcheri kilichopinda, kimekauka sasa, lakini bado kina maua.

Ulining'inia vizuri, somo wangu. Haukuhitaji muujiza, ulihitaji msumari wa Gebhard.

Watu hawakupiga makofi mara moja. Tarumbeta ndiyo ilianza.

Gebhard akaja karibu sana, akageuza kichwa kidogo ili anione kwa pembeni, na nikajua ananitazama usoni.

"Mwakani kengele unavaa wewe," akasema.

"Mwakani navaa mimi."

Machi 21

Theluji uani imeyeyuka. Goti limelima bustani. Wendelin ameomba arudishiwe koti lake la kazi. Nimekataa.